Mke Aliyetengwa kwa Kutibiwa

Ndugu zangu, ugonjwa nitakaoutaja una jina. Unaitwa kaswende. Si "ugonjwa wa mjini", wala si "mambo ya wakubwa". Kisichotajwa jina hakitafutiwi dawa.

Palikuwa na mkulima wa vitunguu, naye ni mzee wa kanisa. Alipopeleka mazao mjini alichomwa sindano ya kaswende, kimya kimya. Mganga akamwambia, "Mlete na mama atibiwe." Hakumleta. Na mkewe alikuwa mjamzito.

Mama huyo alipopimwa zahanati, alirudi akamwambia mumewe.

"Baba, nimekutwa na kaswende. Wanasema nisipotibiwa, mtoto anaweza kufia tumboni. Wanataka twende wote."

"Twende wote? Mimi mzima! Kamwambie aliyekupa akupeleke."

Aliyempa ni nani, ndugu zangu?

Akaenda peke yake, akachomwa. Jirani alimwona akitoka chumba cha sindano. Kufika jioni kijiji kizima kilikwisha kumwita mzinzi. Baraza la wazee likamwita.

"Mke wa mzee wa kanisa! Huoni haya?" akauliza mwenyekiti.

"Haya ninayo, mzee. Na mtoto ninaye pia."

"Anayekubali atengwe na Meza ya Bwana, ainue mkono."

Wa kwanza kuinua alikuwa mumewe. Jumapili jina la mama yule likasomwa mbele ya usharika wote.

Mnadhani mtoto wake alikufa? Hapana. Alizaliwa mzima, analia kwa nguvu. Mtoto aliyezikwa alikuwa wa mama mwingine, mjamzito na mgonjwa vilevile, aliyekuwa ameketi safu ya nyuma Jumapili ile, akisikia mwenzake anatengwa. Somo lilimwingia. Zahanati hakukanyaga.

Niambieni: nani alimuua mtoto yule? Msiseme kaswende. Kaswende ina dawa, nayo ilikuwapo palepale kijijini. Aliuawa na ile mikono iliyoinuliwa barazani. Je, yetu ni safi? Sisi tunamtenga anayetafuta tiba, anayejificha tunampa mkate na divai, kisha tunasema tunalinda heshima ya kanisa. Heshima gani hiyo inayochimbiwa kaburi la kitoto?

Wewe mume uliyechomwa sindano kimya kimya, kesho asubuhi mchukue mkeo, mwende wote wawili. Nasi tutakaokutana nao njiani, tuwaamkie, tupite.