Pampu Yenu Imefungwa Kufuli

Wapendwa, naomba pale nyuma msogee kidogo wenzetu wapate pa kukaa. Mfano wangu ni mfupi, lakini sitaki mtu ausikie akiwa amesimama mguu mmoja kama korongo.

Kulikuwa na kijiji kimoja kikavu, cha watu wa kufukua mchanga wa mtoni ili wapate ndoo moja ya maji yenye rangi ya chai. Shirika moja lisilo la faida likaja kutoka wilayani, likakaa na watu, likauliza shida yao kubwa ni ipi. Wakasema maji. Shirika likaleta fundi, mabomba na pampu ya mkono. Wanakijiji wakaleta mawe, mchanga na nguvu zao. Akina mama walibeba kokoto kichwani wiki mbili nzima, mmoja wao akiwa na mimba ya miezi minane, na hakuna aliyeweza kumzuia. Siku maji yalipotoka, watu walilowa kwa makusudi. Hata mwenyekiti wa kijiji alilowesha suruali yake ya mikutano na hakujali.

Sasa sikilizeni walivyoiita. Waliiita pampu ya shirika. Mtoto akiulizwa anakwenda wapi na ndoo, anajibu, "Pampu ya shirika." Mtu hakuona ubaya. Na nyie mngeona ubaya gani?

Katika kijiji hicho alikuwapo bwana mmoja mwenye mashine ya kusaga, na mashine ilikuwa hiyo moja tu. Bwana huyo akalima bustani ya nyanya karibu na pampu. Asubuhi moja watu wakakuta mkono wa pampu umezungushiwa mnyororo, na kwenye mnyororo kuna kufuli.

"Watoto wanaichezea," akasema. "Mimi naitunza kwa niaba yenu."

Akawa anamwagilia nyanya zake kwanza, mpaka zitosheke. Ikifika saa tatu, siku nyingine saa nne, ndipo foleni ya ndoo inaanza kusogea.

Kulikuwa na mama mmoja hapo, wakimwita Mama Nyamizi, kwa jina la binti yake aliyekuwa darasa la sita. Binti ndiye aliyekaa foleni na ndoo kila asubuhi, na kila siku alifika shuleni wenzake wamekwisha soma vipindi vitatu. Mwalimu mkuu akamwita mama yake.

"Mama, mtoto akiendelea hivi nitamwondoa kwenye orodha. Achague ndoo au daftari."

Mama Nyamizi akarudi nyumbani. Mume wake alikuwa mbali kwenye vibarua, na nyumbani alikuwa na mtoto mchanga mgonjwa. Wapendwa, ninyi mngemwambia achague nini?

Mtauliza, watu walimwambia nini yule bwana wa mashine? Hawakumwambia kitu. Wangemwambiaje, na unga wao anausaga yeye? Walifanya jambo moja tu: waliandika barua. Barua tatu, kwa mwandiko mzuri, kwenda kwa shirika. "Tunawajulisha kuwa pampu yenu imefungwa kufuli na mtu. Tunaomba mje mwongee naye." Halafu wakakaa wakisubiri, na nyanya zikaiva.

Siku moja gari la shirika likaja. Akashuka dada mmoja, mratibu wa mradi, ana spana kubwa mkononi. Watu wakajaa. Bwana wa mashine naye akaja, mikono mfukoni.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, karibu. Umekuja kumsema?"

"Hapana. Nimesoma barua zenu zote tatu. Mmetuandikia kwamba pampu yetu imefungwa na watu hawapati maji. Tukaona, kama ni yetu na haiwasaidii, tuje tuichukue. Kuna kijiji kingine wanaihitaji."

Walidhani anatania. Dada akapiga magoti kwenye sakafu ya pampu, akaanza kuchokonoa nati kwa spana yake.

"We dada!" Mama Nyamizi akapaza sauti. "Weka chini hicho chuma!"

"Mama, si ni pampu ya shirika?"

"Shirika lilibeba kokoto gani? Nionyeshe hapa kokoto moja ya shirika! Mimi nilizibeba na tumbo la miezi minane, kidogo nijifungulie hapo hapo ulipopiga magoti!"

Akageuza ndoo yake chini juu, akaikalia mbele ya pampu. Mama wa pili akageuza yake. Wa tatu alipokuja ukazuka ubishi.

"Sogea, mimi nilikutangulia kwenye foleni."

"Hiyo foleni ni ya maji, hapa kila mtu anakaa anapotaka!"

Mara pampu yote ikawa imezungukwa na akina mama juu ya ndoo zao, na akina baba nyuma yao, na dada yumo katikati hana pa kutokea.

"Haiendi popote!" wakasema. "Pampu ni yetu!"

"Ya nani?" dada akauliza, kama mtu asiyesikia vizuri.

"Yetu!"

Dada akaweka spana chini. Akalishika lile kufuli, akalitikisa.

"Sawa, nimesikia. Pampu ni yenu. Na hili kufuli ni la nani?"

Wapendwa, vichwa vikaanza kugeuka, kimoja, viwili, vyote. Ile hasira waliyokuwa wamempikia mgeni ilikuwa bado ya moto, na sasa ikampata mwenyewe.

Bwana wa mashine akatoa mikono mfukoni. "Angalieni sana," akasema. "Mtasaga wapi?"

Watu wakatazamana. Hilo ndilo lililowafunga midomo tangu mwanzo. Mama Nyamizi hakuinuka kwenye ndoo yake. Alimjibu taratibu.

"Na wewe, shemeji, utamsagia nani?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha watano. Kisha hata mke wa yule bwana alionekana ameficha uso kwenye kanga, mabega yanatikisika. Bwana akasema ufunguo ameuacha nyumbani.

"Usijali, tunakusindikiza," wakasema akina mama wakiinuka. Wakamsindikiza kwa vigelegele, kwenda na kurudi, kama bwana harusi.

Kufuli lilipofunguka, Mama Nyamizi akamvuta dada pembeni. "Hebu niambie. Ungeichukua kweli?"

Dada akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama, hii spana ni ya kufungulia tairi la gari. Haiingii hata kwenye nati moja ya pampu. Nilikuwa namwomba Mungu mkasirike haraka kabla hamjagundua."

Na hakuondoka siku hiyo. Alikaa siku tatu. Akawasomea sheria ya maji wakaielewa, wakachagua kamati yao, wakapanga zamu: watoto wa shule kwanza, wengine baadaye. Nyanya nazo hawakuziua, walizipa zamu yake jioni. Jumatatu yake Nyamizi alifika shuleni mapema, akakuta geti halijafunguliwa.

Sasa tuje kwetu sisi.

Sikuusema mfano huu ili tuyacheke mashirika. Bila yule dada, mnyororo ungekuwapo mpaka leo. Shirika zuri ni baraka. Linajua sheria tusiyoijua, linajua mlango wa kugonga kule wilayani, linakuja kukaa nasi pale tunapoogopa jirani yetu. Lakini mmeona wenyewe, hakulifungua yeye lile kufuli. Angelifungua yeye, lingerudi siku gari lake lilipoondoka. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwafanya watu waseme kwa midomo yao kitu walichokuwa wanakijua.

Na Mungu pia tunamwandikia barua za namna ile. "Bwana, watu wako wanaonewa, tunaomba uje useme na wanaowaonea." Tunaitikia amina, tunakaa, tunasubiri. Je, siku akitujibu? Akituuliza, "Huyo anayeonewa anakaa nyumba ya ngapi kutoka kwako?" Mimi nimehesabu. Kwangu ni ya tatu, na ni binti wa shule.

Choo cha wasichana pale shule yetu ya msingi hakina mlango tangu Pasaka. Nimewauliza watu sita kwa nini hakirekebishwi. Wote sita, na wengine mmo humu, mmenijibu, "Kile ni choo cha mradi." Kumbe matofali yake nani alifyatua? Si baba zetu nyinyi? Na kuna siku kila mwezi wadogo zetu hawaendi shule kwa sababu ya mlango ule, na hawasemi, maana wanaona haya. Nimeona niwasemee mimi leo, mnisamehe kama nimewaaibisha.

Mkutano wa kijiji ni Jumanne saa nne. Mama zangu, twendeni wengi, tukae mbele, tuulize. Na humu ndani nawaona mafundi seremala wawili, mmoja yule pale anainamisha kichwa kana kwamba amepata usingizi ghafla. Baba, amka, hatukuchapi. Ibada ikiisha nawaomba mnisubiri pale nje. Vipimo ninavyo: upana futi mbili na nusu, urefu futi sita.