Kopo la Nungunungu

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa genge.
Na gengeni?
Maharage.
Basi sogeeni, na wewe wa nyuma acha kutafuna, nisikike.

Hapo zamani za kale Nungunungu aliuza maharage kwa kopo. Kopo alilirithi kwa mama yake, na bei akairithi pia. Kila asubuhi aliimba, "Bei ni ile ile, kopo ni lile lile." Wanyama walimsifu, na sifa zikamvimbisha kichwa.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Wakulima wakapandisha bei, Nungunungu akawa anauza kwa hasara. Mumewe akamwambia, "Mama watoto, pandisha kidogo, la sivyo tutafunga genge."

"Nipandishe, wanicheke? Bei ni ile ile."

Akachukua jiwe, akaligonga kopo kitako. Gonga, gonga, gonga, kitako kikaingia ndani. Kwa juu lilionekana limejaa vilevile.

Akaja Ngiri, akapimiwa, akaondoka akimsifu. Akaja Swala, akapimiwa, akaondoka akimsifu. Akaja Kanga, mama wa watoto wengi, akapimiwa, akaondoka akimsifu.

Kesho yake Kanga akarudi, macho mekundu.

"Dada, nipimie tena. Jana chakula hakikutosha. Kopo lako hutushibisha sote, nikajua nyumbani kuna mwizi. Nimemchapa kitinda mimba wangu mpaka akakubali kuwa kaiba. Leo hataki hata kunitazama."

Nungunungu angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyejua. Lakini aliona aibu, tena kubwa kuliko ya kuchekwa.

"Mwanao hakuiba," akasema. "Mwizi ni mimi." Akaligeuza kopo, akamwonyesha.

Kanga akalitazama sana. "Ungepandisha bei ningenung'unika, kisha ningelipa," akasema. "Sasa twende kwangu, ukamwambie mtoto kwa kinywa chako."

Nungunungu akaenda, akapiga magoti mbele ya kifaranga, akasema yote. Kifaranga akaenda taratibu kwa mama yake, akaingia chini ya bawa.

Siku ya pili kitako cha kopo kilikuwa kimenyooshwa. "Bei imepanda, kopo ni lile lile," akaimba. Wengine wakacheka, wengine wakahama. Kanga akaja, akanung'unika, akalipa.

Hadithi yangu nimeitua hapa, anayeitaka aibebe. Mwenye biashara, faida itafute na sifa zipokee, ila usizinunue kwa sahani ya mtoto wa mwenzio. Mimi nilipita gengeni pale kuomba mkopo. Nikaonyeshwa miiba, nikakumbuka nimeacha sufuria motoni.