Mtungi wa Kumwoshea Salima

Hapo zamani, ila si zamani ya kusahaulika maana mtungi wenyewe bado upo, juu ya mlima usio na kisima aliishi mama mmoja, jina lake Somoe. Alishuka bondeni kuchota maji, akapanda. Akafagia, akatwanga, akapika. Akamwogesha mama mkwe, akamwogesha mwanawe Salima. Akashuka tena.

Na muhogo wa mlima ule ulikuwa mchungu, ule wenye sumu. Ulilowekwa siku nne, na kila siku maji yamwagwe, yaletwe mengine. Haya, hesabuni wenyewe hizo safari!

Mwishowe akili ikaanza kumchezea. Siku moja alifagia uwanja, akasahau, akaufagia tena, na tena. Siku nyingine Salima alimkuta anagombana na kinu. "Na wewe unataka nini kwangu?" alikuwa akikiuliza. Mtoto akacheka. Somoe akaogopa, akaogopa kweli.

Akamwendea mumewe, Chilumba. "Baba Salima, nisaidie maji tu. Kichwa changu hakiko sawa."

"Mwanamume na mtungi? Wenzangu watanionaje?"

Akamwendea mama mkwe, Bibi Nambunga. "Mama, nipunguzie hata huko kufagia."

"Mimi nimezaa saba, na uwanja wangu haukulala na jani. Kazi haijaua mtu, mwanangu."

Akamwendea shoga yake Asumini, wa kijiji cha bondeni. Huyu angalau alimkalisha, akampa uji. "Shoga, unajitesa bure. Sisi tunaloweka siku moja, tunaanika, basi. Mbona tuko hai?"

Asumini hakuuliza muhogo wa mlimani ni upi. Wa kwao ulikuwa mtamu. Somoe alijua wa kwake ni mchungu, ila alijiambia kwamba jua la mwaka ule lilikuwa kali, litamalizia kazi. Aliyechoka hujiambia mengi.

Akaloweka siku moja. Loo, nafasi aliyoipata! Mchana alijinyoosha mkekani, Salima akamsuka nywele, yeye akaimba. Kinu kikawa kinu tu. Na ugali uliwahi, hata Chilumba akasifu: "Leo ndiyo nimeoa."

Bibi Nambunga akaonja. Ulimi ukamwambia: mchungu huu. Akala tonge moja, akanyamaza, sahani akamsogezea mjukuu.

Nyumba nzima ilitapika. Wakubwa wakapona. Salima akafa kabla jua halijatua.

Sasa, desturi ya mlima ule ni hii: maji ya kumwoshea maiti huchotwa na yule aliyemkosea marehemu kuliko wote. Hubeba mtungi peke yake, kijiji kizima kikimtazama, na tangu siku hiyo hujulikana kwa mtungi huo. Asubuhi ukawekwa katikati ya uwanja. Ukazungukwa, usiguswe na mtu.

Chilumba akasema, "Mimi sikuloweka, sikupika. Nilikula nilichopewa, kama marehemu."

Bibi Nambunga akasema, "Uchungu niliusikia, sikatai. Lakini ningesema, mngeniita mkwe mwenye kisirani. Mara ngapi mmeniita hivyo?"

Asumini akalia. "Mlimani na bondeni, ni mimi peke yangu niliyemhurumia. Leo huruma imekuwa kosa?"

Wote watatu wakageuka kumtazama Somoe, maana mkono ulioutoa muhogo majini ulikuwa wake.

 Somoe hakuwasikia hata mmoja. Ilikuwa saa yake ya kushuka bondeni. Alikwisha kuweka kata kichwani, mtungi ule wa uwanjani juu yake, na miguu ikaishika njia iliyoizoea. Penye kona akageuka, akaita kuelekea nyumbani:

"Salima! Mama anarudi sasa hivi. Usichezee moto."

Hakuna aliyeinuka kumpokea mtungi. Waliutazama mgongo wake mpaka ukapotea, na wengine, Mungu awasamehe, walishusha pumzi.

Basi nyinyi mliokula mkashiba leo, na aliyewapikia bado yuko jikoni anasugua masufuria, nijibuni: je, mtungi ule ulistahili kichwa cha nani?