Miiba ya Mama Matika

Miiba mlangoni ni salamu ya jirani. Leo pale joshoni, tulipoogesha ng'ombe, mmeisikia methali hiyo, mkacheka, maana hamjaona miiba ikimkaribisha mtu. Methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu Ugogoni.

Mama Matika alikuwa mjane mwenye maksai wawili, na kitongoji kizima hakikuwa na wengine. Mvua ya kwanza ikinyesha, maksai hao walizunguka: leo wanalima kwa huyu na kulala zizini kwake, kesho kwa yule. Na ukifika wakati wa palizi, majirani walikuja na majembe wakampalilia Mama Matika.

Mwaka mmoja, asubuhi ya kwanza ya kulima, zamu ilikuwa ya jirani yake Ndahani. Matika aliingia zizini akamkuta maksai mmoja, Kijivu, akidondosha mate marefu kama uzi. Ulimi ulikuwa na malengelenge. Mguu wa mbele aliunyanyua na kuushusha kama aliyekanyaga kaa la moto.

Moyo ulimwambia anyamaze. Udongo ulikuwa umelowa, na mvua ya huku haimngoji mtu. Akisema, maksai watafungiwa, na lawama zote zitamwangukia yeye. Lakini Ndahani alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na wajukuu watatu yatima waliolelewa kwa maziwa hayo. Matika akakata matawi ya mgunga yenye miiba, akaziba mlango wa boma.

Sasa, enzi hizo kuziba mlango kwa miiba mchana kulikuwa na maana moja: tumegombana, usikanyage kwangu.

Ndahani alifika na kamba begani, akasimama ghafla.

"Mama Matika, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, shemeji. Ila simama hapo hapo."

"Mbuzi wangu wamekula mtama wako? Au umesahau nilivyokupalilia mpaka mgongo ukakatika?"

"Nitasahau vipi, nawe ulilalamika tangu asubuhi hadi jioni?" Matika alijaribu kucheka. "Kijivu ana ugonjwa wa miguu na midomo. Akilala kwako leo, ng'ombe wako naye ataugua, na watoto watakosa maziwa."

Ndahani alitazama mawingu, kisha akaitazama miiba.

"Ungenyamaza, nisingejua ugonjwa umetoka wapi."

"Mimi ningejua. Nenda kamwite bwana mifugo. Mimi nimekanyaga mate ya mgonjwa, sitoki."

Bwana mifugo alikuja siku hiyo hiyo. Alizuia mifugo kuingia au kutoka kitongojini, akawachanja wanyama wazima, akawafundisha watu kuosha viatu na miguu kwa dawa. Watu walinung'unika, kisha wakashika majembe ya mkono. Mwaka ule walilima mashamba madogo, wakaanza na la Matika. Baada ya wiki kadhaa Kijivu alipona. Hakuna zizi jingine lililougua, na wajukuu wa Ndahani hawakulala siku hata moja bila maziwa.

Kiangazi kilichofuata, mtu mmoja aliona mbuzi wake wanakohoa. Hakungoja kuulizwa, aliziba mlango kwa miiba, akatuma habari kwa bwana mifugo. Majirani waliopita na mifugo yao walisimama mbali, wakamwitikia, "Ahsante, ndugu," wakashika njia nyingine.

Tangu hapo tunasema: miiba mlangoni ni salamu ya jirani.