Jina la Nusu Kidonge

Haya, aliye na mtoto ampakate, aliye na chungu jikoni akiepue kabisa. Hadithi hii inaudhi, na mwenye hasira huunguza mboga.

Huko Rungwe walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Profesa Kisamo wa chuo kikuu alijua kuling'ang'ania swali mpaka likajibika. Subilaga, msaidizi wake wa utafiti, alijua kuandika alichosikia, bila kuongeza wala kupunguza. Na Bibi Tumpe, mwenye miaka sabini na minane, alijua kugawana.

Chuo kilikuwa kinajaribu dawa mpya ya presha kwa wazee. Nusu yao walipewa dawa yenyewe, nusu nyingine vidonge vya unga mtupu, na hakuna aliyeambiwa amepata kipi. Sharti lilikuwa moja: kila mtu ameze chake.

Bibi Tumpe na jirani yake Bibi Ikupa walikula sahani moja tangu usichana. Walipopewa makopo mawili, Bibi Tumpe alichukua kisu.

"Nimeze changu peke yangu, mwenzangu ananitazama? Mama yangu angefufuka anichape!"

Wakawa wanakata kila kidonge katikati na kubadilishana nusu. Miezi sita.

Subilaga alipita nyumba kwa nyumba, tope mpaka magotini, akipima presha. Wazee wengi walilalamikia kizunguzungu, na watatu walikuwa wameanguka wakavunjika nyonga. Lakini Bibi Tumpe na Bibi Ikupa presha ilishuka, na kilima walikipanda na mikungu ya ndizi kichwani.

"Bibi, siri yenu ni nini?"

"Siri gani, mwanangu? Tunagawana tu, kama watu."

Subilaga akampigia simu msimamizi wa wapima presha, aliye chini ya Profesa, akamweleza.

"Andika walimeza," alijibiwa. "Ukiandika hayo, hesabu mkataba wako umekwisha."

Akaandika: *Walikata. Walibadilishana.* Kisha akarudi nyumba zote kuuliza upya, akakuta kumi na moja zenye kisu cha namna hiyo. Mkataba wake haukuongezwa. Akarudi nyumbani kuuza maharage.

Profesa alipozisoma fomu zile alishika kichwa. "Wazee hawa wamenimaliza!" Wenzake wakamwambia azitupe. Hakuzitupa. Alilinganisha majina na vidonge, akaona kwamba pale mmoja alipopewa dawa na mwenzake unga, kila mmoja alimeza nusu ya dawa akapona bila kizunguzungu, na walioanguka ni waliomeza kizima. Lakini nyumba kumi na moja si ushahidi. Akaenda mbele ya kamati mara nne, akachekwa mara tatu, kisha kwa miaka miwili akapima nusu na kizima kwa wazee mia sita. Nusu ikatosha. Waliomeza nusu hawakuvunjika nyonga.

Chuo kikaandaa kitabu cha mwongozo wa zahanati, kikaita sherehe. Mkuu wa chuo akasema, "Jaladani hukaa jina moja. Ndio utaratibu." Na mwenye jina hilo ndiye angepewa nafasi pekee ya kuendeleza utafiti. Subilaga alikuwa ameacha maharage yake sokoni kwa ajili ya nafasi hiyo.

Bibi Tumpe alikalishwa nyuma kabisa. Kwenye orodha aliandikwa: *Mshiriki namba 114, alikiuka masharti.* Subilaga alipomsomea, bibi akasimama na fimbo yake.

"Mimi mkiukaji? Nyonga za watu zimepona kwa kisu changu!"

"Bila kupima, bibi," Profesa akasema, "kisu chako kingebaki cha kumenyea ndizi."

Subilaga, ambaye hakuwahi kupaza sauti mbele ya wakubwa, aliipaza. "Na bila fomu zangu, Profesa, ungepima nini? Andikeni majina yote matatu!"

"Moja," mkuu akarudia, kalamu mkononi. Kitabu kilikuwa kinasubiriwa na mtambo wa kuchapa.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, msikwepe. Mmoja aligawana, mmoja akaandika, mmoja akathibitisha. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani? Na wale wawili waliobaki, ungewatazama usoni ukawaambia nini?