Viboko Washinda Tatu Bila

— Paukwa!
— Pakawa!
— Kiwanja kipo?
— Kipo, na sisi tupo!
— Basi kaeni, menyeni karanga taratibu, msizimalize kabla sijafika mwisho.

Paliondokea nchi mbili, mto katikati. Huku Kindi, kule Viboko, watani wa tangu na tangu. Kila mwaka walicheza kriketi, mechi tatu, na kila mwaka Viboko walishinda zote. Siwafichi, walishinda mpaka ikachosha. Mshindi alichukua kombe, na majani yote ya kiwanjani yakawa chakula chake. Nahodha wao, Kiboko, alikuwa mlafi wa vyote viwili: akishiba anataka tena, akishinda anataka tena.

Mwaka ninaousema, zamu ya kutoa kiwanja ilikuwa ya Kindi. Nahodha wao alikuwa Mama Kindi, mama wa watoto saba. Shamba lake lilikuwa gumu kama kigae, magugu yamemfika shingoni, na jembe lake limevunjika. Alibakiwa na kikapu kimoja cha mbegu za karanga, na watoto walilala njaa wakikitazama. Mvua ilikuwa njiani. Kama shamba lisingelimwa, mbegu zingeliwa, na baada ya mbegu hakuna kitu.

"Tutachezea shambani kwangu," akasema Mama Kindi.

Wenzake wakanung'unika. "Mama Kindi, si tutashindwa tena?"

"Tutashindwa. Ila mwaka huu tushindwe vizuri."

Siku ya kwanza, mpira pa! Viboko wakakimbia, ti-ti-ti wakaenda, ti-ti-ti wakarudi. Mikimbio mia tano. Kindi wakapata minne. Kiboko hakungoja hata kupeana mikono. Akayavamia magugu na wenzake, nyakua-nyakua, mpaka ardhi ikabaki tupu.

"Asante, bwana mkubwa," akasema Mama Kindi.

"Nimekupiga, halafu unanishukuru?"

"Ndivyo tulivyolelewa, bwana."

Siku ya pili, mpira pa! Ti-ti-ti wakaenda, ti-ti-ti wakarudi. Mikimbio mia sita. Kindi wakapata miwili. Sasa mnaijua desturi ya kiboko aliyeshiba: mzigo wake hautui mahali pamoja, huutawanya kwa mkia. Magugu ya jana yakatoka, pwata huku, pwata kule! Shamba zima likapata mbolea.

"Asante sana, bwana mkubwa," akasema Mama Kindi, ameziba pua.

"Huyu amechanganyikiwa," Kiboko akawaambia wenzake.

Siku ya tatu Mama Kindi akaja na sheria ya mwenyeji. "Leo mkimbio hauhesabiwi mpaka ubao wa kupigia uburuzwe ardhini, toka vijiti vya mwisho huu wa kiwanja mpaka vya mwisho ule. Na kila baada ya mipira sita, vijiti tunavisogeza hatua moja."

"Visogezeni hata mpaka kwa shangazi yenu!" Kiboko akacheka. "Tutashinda tu!"

Mpira pa! Ti-ti-ti wakaenda, kwaruuu! Ti-ti-ti wakarudi, kwaruuu! Kadiri walivyotamani mikimbio, ndivyo ubao ulivyozama. Mikimbio mia tisa. Kindi hawakupata hata mmoja. Mama Kindi akapita nyuma yao akiitazama mifereji ile iliyonyooka, udongo mwororo, mweusi, na machozi yakamtoka.

"Asante," akasema. Akafuta machozi kwa mkia. "Asanteni nyote."

Tone la mvua likaanguka, to! Mama Kindi akaleta kikapu. Kindi wote wakajipanga mferejini: mbegu, fukia, mbegu, fukia. Kiboko akabaki amekumbatia kombe, mdomo wazi.

"Ala! Mmetulimisha!"

"Bwana mkubwa, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe letu lilivunjika, tukakupa ubao."

"Basi tufute matokeo! Ninyi ndio mmeshinda!"

"La, bwana, haki ni haki. Tatu bila. Ushindi wenu."

Karanga zikakomaa, watoto saba wakashiba wakalala fofofo. Mama Kindi hakusahau. Kikapu cha kwanza alikivusha mto akawapelekea Viboko, wala haikuwa kejeli.

"Bila ninyi wanangu wasingekuwepo," akasema, na aliyasema kutoka moyoni.

Kiboko akala, akamaliza, akalamba kikapu. "Mwakani mechi ngapi?"

"Tano, bwana mkubwa. Shamba nimeongeza."

Hadithi yangu imekomea hapo shambani. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, niachieni nitafune mwenyewe. Na funzo lake, wanangu: shindeni! Shindeni kila siku, wala msimhurumie mtu, kwani anayeshindwa hapati kitu.

Haya, nisogezeeni hizo karanga.