Nadhiri ya Mwanamkasi

Hapo zamani, si zamani ya majini bali ya mashine zinazochungulia ubongo, palikuwa na mama mjamzito aliyeitwa Mwanamkasi. Bintiye, Siti, alikuwa na uvimbe kichwani. Mama akikaa anainuka, akiinuka hajui aende wapi. Kwa hofu akaweka nadhiri: "Atakayemwokoa Siti, huyu wa tumboni nitampa jina lake."

Siti naye hakutulia. Mashine ikinguruma anafurukuta, picha zinavurugika. Tunu, mpiga picha, akaingia naye, akamshika mguu na kumbembeleza mpaka zikatoka safi.

Asumini, fundi wa hesabu, akazipokea. Zilionyesha maji yanavyotembea ndani ya ubongo, yakifuata nyuzi zake za fahamu. Kila kitone cha picha akakipa namba: maji yakifuata upande mmoja, namba kubwa, yakitawanyika, namba ndogo. Kando ya uvimbe namba zilikuwa ndogo mno. Hapo akatia alama nyekundu.

"Nyuzi za hapa zimekufa," akasema. "Kisu kipite hapa."

Mama akazidi kuhangaika.

Daktari Mwatime akaitazama ile alama, asiridhike. "Nyuzi nzima zikipishana, namba hushuka vilevile." Akachora upya njia za nyuzi, na kumbe njia ya kusema na ya kusogeza mkono zilipishana papo hapo, nzima kabisa. Mpasuaji akapitisha kisu kwingine. Siti alipozinduka, akaomba uji.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Siku ya kumpa jina wageni wakajaa barazani, na wale watatu wakaja. Mpasuaji hakudai kitu. Alisema yeye alipita alikoonyeshwa tu.

"Dada, bila mimi wangesoma ukungu," Tunu akamwambia Mwanamkasi.

"Bila mimi Siti angekuwa bubu," akasema Mwatime. "Tena kwa alama ya huyu."

"Nilikosea, sikatai," akasema Asumini. "Lakini wewe ulipatazama pale kwa sababu gani? Si kwa alama yangu? Ningenyamaza, ungepapita bila kupatazama."

Shehe akabisha mlango, anataka jina, na liwe moja. Mwanamkasi anazunguka chumba na kichanga begani, anaogopa kuvunja nadhiri, anaogopa kumdhulumu mtu.

Nyie mliokaa mkisikiliza, msitazamane. Shehe anangoja mlangoni. Je, mtoto aitwe nani?